Ngano na Magugu Mpaka Siku ya Mavuno

Kila mkatekista aliyefundisha kwa miaka mingi amekwisha kuulizwa swali hili, na mara nyingi anayeuliza ni kijana mwenye akili, wala si mvivu wa imani. Kama Kristu ameshinda dhambi na mauti, mbona ubaya ungali na nguvu duniani? Miaka karibu elfu mbili imepita tangu Pasaka ya kwanza, na watu bado wanauana, wenye nguvu bado wanawaonea wanyonge, na vita vikizimika upande mmoja huwaka upande mwingine. Kijana wa Goma au wa Bukavu hahitaji vitabu ili ayajue hayo.

Majibu mawili huwa tayari midomoni mwa watu. Wazee husema kwamba ulimwengu unaharibika: zamani palikuwa na heshima, leo yote yamechakaa, na mwisho u karibu. Wengine, hasa waliokaa sana shuleni, husema kinyume: zamani watu waliuzwa sokoni, leo sheria zakataza, zamani ndui iliteketeza vijiji vizima, na mwaka 1980 ilitangazwa kwamba imetoweka duniani, basi watu wavumilie kidogo, na elimu itayamaliza yaliyobaki. Kila jibu lina sehemu yake ya kweli. Lakini mkatekista akilishika moja na kulitupa la pili, atawapoteza wanafunzi wake, ama kwa kuwakatisha tamaa, ama kwa kuwadanganya.

Bwana wetu Yezu Kristu alilijibu swali hilo kwa mfano wa shamba, ambao Mtakatifu Mathayo ameuandika katika sura ya 13. Mtu alipanda mbegu njema. Usiku adui yake akaja akapanda magugu kati ya ngano. Watumishi walitaka kuyang'oa mara moja. Mwenye shamba akawakataza, wasije wakaing'oa na ngano pia. Akaagiza vyote viwili viachwe vikue pamoja hadi mavuno.

Kuna jambo ambalo msomaji asiyelima ngano aweza kulipita bila kuliona. Gugu linalotajwa pale si nyasi yoyote tu. Katika nchi za Mashariki liko gugu linalofanana na ngano hata mkulima hawezi kulitambua vema mpaka masuke yatokee, na wakati huo mizizi yake imekwisha kujisokota na mizizi ya ngano. Katazo la mwenye shamba halitoki katika uvivu wala katika kulipenda gugu. Latoka katika kuijua mizizi. Tena tuone kwamba mfano hausemi kuwa ngano itaongezeka mpaka magugu yaishe, wala hausemi kuwa magugu yatailemea ngano. Wasema vyote viwili vitakua. Neno hilo moja ndilo lililowashughulisha walimu wengi wa Eklezia wakati walipotafakari historia ya wanadamu.

Yafaa kwanza kujua ubaya ni kitu gani. Mtakatifu Agostino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi inayoitwa leo Aljeria, aliwafuata Wamanikei wakati wa ujana wake kwa muda wa miaka karibu tisa. Hao walifundisha kwamba kuna nguvu mbili za tangu milele, moja ya nuru na moja ya giza, na kwamba mwanadamu ni uwanja wa vita vyao. Fundisho hilo lapendeza, maana lampa mkosaji udhuru: si yeye aliyetenda, ni giza lililo ndani yake. Agostino aliliacha baada ya taabu nyingi, akaja kufahamu kwamba ubaya si kitu kilichoumbwa. Mungu aliumba vyote, na vyote alivyoviumba ni vyema. Ubaya ni upungufu wa wema pale wema ulipopaswa kuwapo. Jiwe halioni, wala hakuna aliitaye kipofu. Mtu asiyeona ndiye kipofu, kwa kuwa jicho liliumbwa lione.

Fundisho hilo lisisemwe mbele ya mama aliyefiwa kana kwamba ubaya ni bure tu. Tundu la mtumbwi nalo si kitu, ni mahali pasipo ubao. Lakini watu huzama kwa tundu.

Tena fundisho hilo lina tunda ambalo wengi hawalichumi. Kama ubaya ni upungufu, basi hauwezi kusimama peke yake. Hukaa katika kitu chema na kukila, kama kutu ikaavyo katika chuma. Hakuna kutu pasipo chuma. Na penye chuma kingi kutu ina chakula kingi. Kumbe tusishangae kwamba nyakati zenye elimu nyingi na nguvu nyingi zilikuwa pia nyakati za maovu makubwa. Mwizi asiyejua kusoma huiba mbuzi. Karani asiye mwaminifu huiba mshahara wa wilaya nzima. Wema wa kujua kusoma umempa wa pili uwezo ambao wa kwanza hana.

Agostino alilazimika kuyapima mawazo hayo mbele ya msiba mkubwa. Mwezi wa Agosti mwaka 410 Wagothi wa mfalme Alariko waliingia mji wa Roma, wakauteka nyara kwa siku tatu. Watu wa siku zile waliudhani mji huo kuwa wa milele. Wapagani walisema: miungu imekasirika kwa sababu ya Wakristu. Na Wakristu wengi walifadhaika kwa sababu nyingine: tangu Kaisari Konstantino walikuwa wamezoea kufikiri kwamba ufalme wa Roma, ukiisha kuwa wa Kikristu, ndio mwanzo wa ufalme wa Mungu duniani. Wakimbizi walivuka bahari hadi Afrika, na maswali yao yakaja pamoja nao. Agostino, ambaye wakati huo alikuwa askofu wa Hippo, alianza kuwajibu mwaka 413, na kazi hiyo haikwisha mpaka mwaka 426 au karibu na hapo. Ndicho kitabu kiitwacho Mji wa Mungu, chenye sehemu 22.

Jibu lake halikumfurahisha mtu wa upande wowote. Miji ni miwili, alifundisha, kwa kuwa mapendo ni mawili: wako wanaompenda Mungu hata kujisahau, na wako wanaojipenda hata kumsahau Mungu. Lakini mpaka wa miji hiyo hauonekani kwa macho. Haupiti kati ya Roma na washenzi, wala haupiti mlangoni mwa kanisa, kwani ndani wamo watakaopotea na nje wamo watakaookoka. Raia wa miji yote miwili hunywa maji ya kisima kimoja na kulipa kodi moja mpaka siku ya hukumu. Roma ulikuwa mji mmoja kati ya miji, wenye mema yake na mabaya yake, na kuanguka kwake hakukuwa mwisho wa historia.

Baadaye walitokea watu ambao hawakuweza kungoja. Yoakimu wa Fiore, abati wa Italia ya kusini aliyekufa mwaka 1202, aligawanya historia katika nyakati tatu: wakati wa Baba, wakati wa Mwana, na wakati wa Roho Mtakatifu utakaokuja hapa hapa duniani, ambapo watu wote wataishi kwa amani kama watawa. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mcha Mungu. Lakini wafuasi wake walipiga hesabu wakapata mwaka 1260. Mwaka huo ukaja, ukapita, na watu wakabaki walivyokuwa. Hesabu ilitupwa, ila ndoto yenyewe haikufa. Ilivuliwa nguo za dini, ikavikwa nguo nyingine.

Katika watu walioivika nguo mpya, mmoja anastahili kukumbukwa kwa heshima. Ni Condorcet, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1743, hodari wa hesabu, aliyetetea shule kwa watu wote, akaupinga utumwa wa watu weusi wakati ambapo wengi wa nchi yake waliutajirikia. Aliyapenda mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1793 watawala wa mapinduzi yale yale waliamuru akamatwe. Akajificha katika nyumba moja ya Paris, na humo mafichoni aliandika kitabu kuonyesha jinsi akili ya mwanadamu isivyo na kikomo katika kuendelea, hata itafika siku ambayo jua litawaangazia watu huru peke yao. Machi 1794 alikamatwa; siku mbili baadaye alikutwa amekufa gerezani. Kitabu kilipigwa chapa mwaka 1795. Si haki kumcheka. Mema aliyoyatamani yalikuwa mema ya kweli, na Wakristu wengi wa siku zake hawakuyatamani nusu ya hivyo. Kosa lake ni kudhani kwamba wema huongezeka kama hesabu zinavyoongezeka, kwamba anayejua zaidi atapenda zaidi. Waliomtafuta ili wamwue walikuwa watu waliosoma.

Baada yake walikuja Hegel na Marx, na dola zilizojengwa juu ya fundisho la Marx ziliahidi mwisho wa uonevu wote, kisha zikajaza kambi za wafungwa. Katekisimu ya Eklezia Katolika, iliyotolewa mwaka 1992, inakataa ahadi za namna hiyo katika namba 676, yaani kila ahadi kwamba tumaini lililo nje ya historia litatimizwa ndani ya historia kwa mikono ya watu.

Je, basi hakuna maendeleo yoyote? Mwanafalsafa Jacques Maritain alilijibu swali hilo katika masomo aliyoyatoa huko Marekani mwaka 1955, yakawa kitabu mwaka 1957. Alirudi kwenye mfano wa ngano na magugu, akautoa kuwa kanuni: katika historia kuna mwendo wa aina mbili kwa wakati mmoja, mmoja wa kupanda na mmoja wa kushuka, na wakati mmoja waweza kuzidi katika mwendo huu, wakati mwingine katika ule. Lakini yote miwili ipo sikuzote.

Watu wa Katanga wana ushahidi wake chini ya miguu yao. Huko Shinkolobwe, karibu na Likasi, mji ulioitwa Jadotville siku za Wabelgiji, mwaka 1915 lilivumbuliwa jiwe zito lenye uraniumu. Uchimbaji ulianza mwaka 1921. Wakati huo uraniumu haikuwa na thamani kubwa. Kilichotafutwa ni radiumu iliyomo ndani yake kidogo kidogo. Mawe yalipelekwa Olen, Ubelgiji, radiumu ikatolewa, na waganga wakaitumia kuwatibu wagonjwa wa saratani. Kwa muda wa miaka kadhaa jiwe la Katanga lilikuwa habari njema katika hospitali za Ulaya.

Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa shirika la Union Minière, alipeleka zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo New York, yasije yakashikwa na Wajerumani waliokuwa wameiteka Ubelgiji. Hata nia hiyo ilikuwa njema. Mwaka 1942 Wamarekani waliyanunua, na mwaka 1943 kazi ya kulifungua tena shimo la Shinkolobwe, lililokuwa limefungwa kabla ya vita, ilianza. Tarehe 6 Agosti 1945, sikukuu ya Bwana kugeuka sura, bomu liliangushwa juu ya Hiroshima, na sehemu kubwa ya uraniumu yake ilitoka katika jiwe la Katanga. Inakadiriwa kwamba hadi mwisho wa mwaka huo watu wapata 140,000 walikuwa wamekufa katika mji ule. Waliolichimba jiwe hawakuambiwa ni la kazi gani. Kabla ya uhuru wa mwaka 1960 shimo lilifungwa kwa saruji, na mwaka 2004 serikali ya Kongo ilikataza tena watu waliokuwa wakichimba hapo kwa mikono.

Mungu aliliumba jiwe hilo, nalo ni jema. Elimu iliyoligundua ni njema. Katika miaka 30 ngano na magugu viliota katika udongo uleule, na mtu aliyesimama Shinkolobwe mwaka 1921 asingeweza kuvitenganisha.

Hata hivyo Maritain alitaja maendeleo mengine, yasiyo ya vyombo, nayo ni ya kweli: watu huendelea kujua polepole lililo haki na lisilo haki. Sheria ya Mungu imeandikwa moyoni mwa kila mtu, lakini si kila kizazi kimeweza kuisoma yote. Historia ya utumwa yaonyesha hayo, nayo ni historia ambayo Mkristu wa Kongo hawezi kuisoma bila uchungu.

Mwaka 1452 Papa Nikola V alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia utumwani wasio Wakristu. Hilo limeandikwa, wala halifai kufichwa. Mwaka 1526 mfalme Mkristu wa Kongo, Afonso wa Kwanza, alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata raia wake kila siku, hata watoto wa wakubwa, na nchi inabaki tupu. Mtu huyo alikuwa amesoma sheria ya moyoni, ingawa hata yeye hakuisoma yote, maana utumwa ulikuwapo katika nchi yake pia. Mwaka 1537 Papa Paulo III alifundisha kwamba watu wa Amerika, na watu wengine wote watakaojulikana baadaye, wasinyang'anywe uhuru wao. Mwaka 1839 Papa Gregori XVI alilaani biashara ya watu weusi. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri juu ya misafara ya watumwa katika Afrika ya katikati. Na tarehe 30 Machi 2023 Vatikano ilitamka wazi kwamba maandiko kama yale ya mwaka 1452 hayakuonyesha ipasavyo usawa wa heshima ya watu wote, na kwamba hayakuwa kamwe mafundisho ya imani Katolika.

Miaka mia tano na zaidi! Ndivyo ngano inavyokua. Lakini tuangalie tena shamba lilelile. Mkutano wa Brussels wa miaka 1889 na 1890 uliitishwa ili kuukomesha utumwa, na mwenyeji wake alikuwa mfalme Leopold II. Katika miaka iliyofuata, ndani ya dola yake ya Kongo, askari waliwalazimisha watu kuleta mpira wa msituni. Wanawake walishikwa rehani mpaka waume zao walete kilo zilizotakiwa, na mikono ilikatwa. Bendera iliyopandishwa kwa jina la kuwakomboa watumwa ilifunika utumwa mwingine. Roger Casement alitoa habari zake mwaka 1904, Padri Arthur Vermeersch, Myezuiti, aliandika kitabu cha kuulaumu utawala huo mwaka 1906, na mwaka 1908 Leopold aliachishwa dola hiyo. Wasomaji wa taarifa za Casement walikuwa watu waliokwisha kufundishwa kwamba utumwa ni uovu. Kwa hiyo waliweza kuona haya. Hapo ndipo faida ya kuujua ukweli ilipo. Haimzuii mtu kutenda dhambi, lakini yamnyima amani akiitenda, na yampa mwonewa neno la kumshitaki.

Kwa nini basi kujua hakutoshi? Papa Benedikto XVI alieleza sababu katika barua yake juu ya matumaini ya mwaka 2007. Vyombo na hesabu hurithiwa: mtoto wa leo huanzia pale babu yake alipoachia. Wema haurithiwi hivyo. Uhuru wa kila mtu ni mpya, na kila kizazi huchagua upya. Mtoto wa mtakatifu huzaliwa akihitaji Ubatizo kama mtoto wa mwuaji. Sheria njema, shule njema na desturi njema ni kama boma: humlinda anayetaka kulindwa, na yafaa lijengwe imara, ila hakuna boma lililowahi kumfanya mbuzi asitamani shamba la jirani. Anayeahidi kujenga nchi ambayo watu watakuwa wema bila kuchagua, anaahidi nchi isiyo na watu.

Kwa sababu hiyo Eklezia haingoji mwisho wa historia kama mkulima angojavyo embe liive lianguke lenyewe. Katekisimu, namba 677, yafundisha kwamba ufalme hautatimia kwa Eklezia kupanda hatua kwa hatua mpaka itawale dunia, bali kwa ushindi wa Mungu juu ya ubaya utakaofumka kwa mara ya mwisho. Mavuno yana mvunaji wake. Hukumu, ambayo wengi huiogopa tu, ndiyo pia tumaini la waliokufa bila kutendewa haki. Maendeleo yoyote ya mwaka 3000 hayatawarudishia mikono watu wa mpira, wala hayatamfufua mtoto wa Hiroshima. Mwanafalsafa wa maendeleo huwahesabu hao kuwa bei ya safari. Mkristu hawezi.

Hapo kijana aliyeuliza swali aweza kuuliza la pili: kama mwisho ni wa Mungu peke yake, kwa nini watu wahangaike kuchimba visima na kushitaki wala rushwa? Swali hilo ni la zamani. Wakristu wa Thesalonike waliposikia kwamba siku ya Bwana imekaribia, baadhi yao waliacha kazi, wakakaa wakizungukazunguka na kula chakula cha wengine, na Mtakatifu Paulo aliwakaripia kwa ukali. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, namba 39, ulijibu kwa kupambanua: maendeleo ya dunia si ufalme wa Mungu, lakini kwa kadiri yanavyotengeneza maisha ya watu, ufalme huo unayajali sana. Heshima ya mtu, undugu na uhuru vilivyotunzwa hapa vitaonekana tena kule, vikiwa vimesafishwa. Ngano iliyovunwa ni ileile iliyolimwa.

Mwaka 430 Wavandali, baada ya kuteketeza miji mingi ya Afrika ya kaskazini, waliuzingira mji wa Hippo. Agostino alikuwa mzee wa miaka 75, mgonjwa kitandani. Rafiki yake askofu Possidius, aliyekuwa ndani ya mji pamoja naye, ameandika kwamba mzee aliagiza zaburi za toba zibandikwe ukutani mbele ya kitanda chake, akazisoma huku akilia. Alikufa tarehe 28 Agosti, adui angali nje ya kuta. Hakuacha wasia wa mali, kwa kuwa hakuwa na mali. Lakini maktaba ya kanisa, pamoja na vitabu vyote, aliagiza vitunzwe vizuri kwa ajili ya watakaokuja baadaye.